Maswali ya nyumba: chumba kidogo kisikubane

Mwezi huu maswali karibu yote yamekuja na kilio kimoja, nyumba ndogo hakuna pa kupita. Wengine wako Lamu kwenye nyumba za mawe za zamani zilizogawanywa zikawa za kupangisha, wengine wako Malindi kwa haya maploti mapya ya chumba kimoja na choo ndani. Nimechagua machache nikayajibu kadiri yanavyotaka. Ila kabla hatujaanza niseme hivi, manake litarudi rudi huko chini: mimi naona kinachobana nyumba mara nyingi sio kuta, ni sakafu iliyojaa. Ukiingia chumba jicho likaona sakafu mpaka kona ile ya mwisho utakiona kikubwa hata kama kipimo ni kidogo, na ukiingia ukakutana na mgongo wa kochi hatua ya pili basi hata ukumbi wa harusi utauona stoo.

Asalaam aleikum dadangu. Nimeolewa mwaka jana, tunakaa ghorofani kwenye nyumba ya kale huku Mkomani. Chumba cha mbele ni kirefu lakini chembamba, upana futi 9 urefu futi 22 hivi, dirisha ni moja tu la kutazama kiwanda, ule uwanja wa wazi ulio ndani ya nyumba. Mamangu na ndugu zangu walitutunza seti ya makochi ya watu 7 na meza ya kioo ya katikati. Wakija wageni wanne hakuna awezaye kupita kwenda chumbani mpaka mwengine ainue miguu. Mume wangu asema tuhame. Mimi sitaki kuhama na pia sitaki kumvunja moyo mamangu. Nifanyeje? – Bi harusi, Lamu

Waaleikum salaam mdogo wangu, na hongera ya ndoa. Kwanza msihame, na usiione nyumba hiyo ina kasoro. Wembamba wake una sababu. Nyumba za mawe za Lamu dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti iliyonyooka ya kuhimili uzito wa mawe na chokaa kule juu haiendi mbali, ni mita 2 na nusu, tatu hivi, basi. Kwa hivyo fundi wa zamani alikuwa hana njia ya kutanua chumba, akitaka nafasi ilimbidi aende kwa urefu. Ndio ukizunguka Mkomani yote, nyumba ya tajiri na nyumba ya mtu wa kawaida, upana wa vyumba hautofautiani sana. Hizo futi 9 watu wamezikalia miaka mia mbili na zaidi, wamelea humo, wameoza watoto humo, wamepokea wageni wa mbali humo.

Tofauti ni vitu walivyoweka. Ukipata nafasi ingia ile nyumba ya makumbusho ya Kiswahili pale mjini, uangalie chumba cha ndani kimepangwa vipi. Kitanda, kiti kimoja viwili, mkeka, kasha. Vyengine viko ukutani kwenye zidaka. Na zidaka zenyewe ziangalie vizuri usidhani ni pambo tu, zile safu za vishubaka vya chokaa zinafanya ukuta usionekane ndio mwisho wa chumba, jicho linaingia ndani yake, huku kivuli kidogo huku mwanga kidogo, chumba kinapata kina ambacho ukipima kwa futi hukipati. Mabakuli ya Kichina na vyombo vya thamani vilikaa mle, sakafu ikabaki na mkeka wake.

Sasa tuje kwa makochi. Chukua futikamba tupime pamoja. Kochi la siku hizi, lile la kujaa, kina chake futi 3. Umeliweka ukuta huu na jengine ukuta ule yaangaliane, hizo futi 6. Meza ya kioo futi 2. Jumla 8. Umebaki na futi 1, na hiyo futi 1 imegawanyika tena, nchi 6 mbele ya kochi hili na nchi 6 mbele ya lile, mguu wa mtu mzima hautoshi. Mtu kupita bila kujipinda anataka futi 2 na nusu hivi. Hapo hata ukipaka rangi gani, hata ukitundika kioo cha ukuta mzima, haitasaidia kitu manake tatizo ni hesabu.

Fanya hivi. Lile kochi la watu 3 lipeleke ukuta mfupi wa mwisho, ule ulio mbali na mlango, litazame urefu wa chumba. Litakuwa na futi 6 au 7 kwa hivyo kwenye 9 linaingia vizuri na pembeni pabaki pa kuweka taa. Halafu chagua ukuta mmoja wa urefu, usiokuwa na mlango, tandika magodoro membamba ya kukalia chini, yale ya kiarabu yenye matakia ya kuegemea, upana wake futi 2. Umebaki na futi 7 wazi. Ukuta wa pili wa urefu uache kabisa. Usiweke stuli, usiweke kabati la vikombe, usiweke hata ile meza ndogo ya simu, hiyo ndio njia ya kwenda chumbani na njia ikinyooka moja kwa moja chumba kinaonekana kirefu kwa uzuri, sio kirefu kwa kero. Na mtu akikaa chini, ukuta ulio juu yake unapanda. Dari za nyumba hizo ziko juu, ni hasara kuzikata na migongo mirefu ya makochi.

Meza ya kioo ibandike chini ya dirisha, iguse ukuta, ibebe chombo cha ubani na kurani kwenye marufaa yake. Katikati usiweke kitu. Wageni wakija chakula kinakuja kwa sinia, mnazunguka, mkimaliza sinia linaondoka na chumba kinarudi kuwa chumba. Hii desturi tunayo tayari hatuihitaji kuisoma popote.

La mama sasa, najua ndilo linalokuuma. Yale makochi matatu yaliyobaki, la watu wawili na yale ya mtu mmoja mmoja, usiyauze. Moja la mtu mmoja liingize chumbani kwenu liwe pa kuvalia viatu na kusomea. Yaliyobaki mwambie mama mwenyewe kwa mdomo wako kabla hajayakosa kwa macho, mwambie, mama, kochi kubwa nimelipa mahali pa heshima, ukija ndipo utakapokaa, haya mengine naomba uniwekee mpaka Mungu atujaalie nyumba kubwa. Mzazi akiombwa kuhifadhi kitu hajioni amerudishiwa zawadi. Ila mwambie wewe, usimtume mumeo.

Na mambo mawili ya mwisho kwako. Dirisha ni moja, basi liheshimu, pazia nzito la velveti litoe uweke nyepesi inayopitisha mwanga, na fimbo ya pazia ipande juu karibu na boriti na itokeze pande zote mbili ili mchana pazia likae ubavuni mwa dirisha lisizibe hata nchi moja. La pili, usitoboe toboe kuta za nyumba ya zamani. Ile lipu ya chokaa ukiipiga drili inaanguka vipande, na kama kuna zidaka za asili ni urithi huo, hata mwenye nyumba akiruhusu usiguse. Ukitaka rafu tafuta ya kusimama, nyembamba, ya kwenda juu.

Sema dada, mi ni kijana bado sijaoa, napiga kazi hotelini hapa Malindi na nimepanga bedsita upande wa Kisumu Ndogo, kumi kwa kumi na mbili. Kuna kitanda tano kwa sita, wolyuniti, friji ndogo, gesi, na nguo ziko kwa kiti. Nimeweka pazia kubwa katikati kuficha kitanda lakini naona ndio kumezidi kuwa kudogo. Lendilodi hataki misumari. Nisaidie. – Barobaro wa Malindi

Poa kaka. Toa hilo pazia leo. Najua kwa nini uliliweka, mgeni akija hutaki aone unapolala na hiyo ni heshima, lakini umechukua chumba kimoja kidogo ukakifanya viwili vidogo zaidi, na kile cha nyuma umekinyima dirisha. Kama lazima kitu kigawe, weka rafu ya urefu wa kiuno, jicho lipite juu yake, mgeni akiwa amekaa haoni kitanda na wewe ukisimama unaona chumba chote.

Kitanda sasa. Chumba chako ni futi mraba 120, kitanda tano kwa sita ni 30. Robo ya nyumba unalipia kodi kwa ajili ya kulala, tena peke yako. Tatu na nusu kwa sita inakutosha, unarudishiwa futi mraba 9, na kama utaoa kesho utatafuta kikubwa na chumba kikubwa pamoja. Kama huwezi kubadilisha saa hii basi kisukume kona, ubavu mmoja uwe upande wa ukuta, usikiache kinaelea katikati na vinjia viwili vidogo ambavyo hakuna anayevitumia. Hapo kwa ukuta acha upenyo wa vidole vitatu hivi hewa ipite, kwa unyevu wetu wa pwani godoro likibanwa na ukuta linashika kuvu.

Kitanda kiinue kidogo uweke masanduku chini, nguo za msimu, viatu, mabegi. Halafu chandarua. Watu wengi hawalifikirii hili lakini chandarua kinachoning'inia mchana kutwa kinakula chumba kuliko kabati, ni ukuta wa nguo pale katikati. Kila asubuhi kizungushe ukifunge fundo juu, nusu dakika tu, uone chumba kinavyofunguka.

Wolyuniti iuze. Kusema kweli mi sioni kazi yake kwenye bedsita, nusu yake ni mapengo ya kuweka maua ya plastiki. Tivii itakaa juu ya ile rafu ya kiuno niliyokwambia, upande wa pili wa rafu uangalie kitanda na hapo ndio nguo zilizokunjwa zinakaa. Za kutundika tafuta lile bomba la kubana ukuta kwa ukuta, lina springi ndani, halitaki msumari, kama choo chako kina kikorido kidogo cha kuingilia libane hapo. Kuna na kulabu za kuning'iniza juu ya mlango. Zile kulabu za gundi kwa joto la Malindi zinashika kwa taili lakini kwa ukuta wa rangi zinaanguka na zinabeba rangi, lendilodi atakukata kwa diposti.

Gesi nisikilize sana. Usiiingize chini ya kitanda kutafuta nafasi, na usiifungie ndani ya kabati lisilo na matundu chini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni, inakusanyika pale chini ulipolala. Mtungi usimame wima karibu na dirisha ama mlango, mbali na pazia, hata kama unakuharibia mpango wa chumba. Hapo nafasi sio muhimu.

Nimesikia ukiweka kioo chumba kinakuwa kikubwa. Nimenunua kimoja kirefu nikakiweka sebuleni lakini sioni tofauti. Naishi Maweni. – Mama Maweni

Kioo mama hakina akili, kinarudisha kile kilichoko mbele yake. Kikitazama dirisha, au kikikaa ukuta wa ubavuni mwa dirisha, kinarudisha mwanga na kijani cha nje na chumba kinapumua. Kikitazama mlango wa jikoni na ndoo zake umepata ndoo mara mbili. Basi kaa pale mgeni anapokaa, angalia kwenye kioo unaona nini, kama unachokiona hukipendi kihamishe. Na kwa vile tuko karibu na bahari usikibandike kikagusana na ukuta kabisa, weka vipande vidogo vya mbao nyuma hewa ipite, unyevu na chumvi ndio zinazoanza kukila weusi pembeni.

Shikamoo dada. Nina watoto watatu, wa darasa la sita, la tatu na mdogo wa chekechea, tuko Barani nyumba ya chumba kimoja na sebule. Sasa mkwe wangu, mama wa mume, anakuja kukaa kwa matibabu kama miezi miwili. Mume ananunua dabodeka ya watoto. Nyumba itaingia vipi hii watu wote? – Mama wa watatu

Marahaba mamangu, na Mwenyezi Mungu amponye mama. Hili lako sio la kupendeza macho tu, ni la watu kuishi bila kukosana, kwa hivyo nitaanza na nani alale wapi.

Chumba mpe mkwe. Mgonjwa na mtu mzima anahitaji mlango wa kufunga, anahitaji pa kuswali na kubadilisha nguo bila wajukuu kuingia na kutoka. Mtoto mmoja, yule mkubwa kama ni msichana, anaweza kulala naye, atamsaidia usiku akitaka maji. Wewe na baba na wadogo wawili mtakuwa sebuleni, na sebule hiyo lazima iwe na maisha mawili, ya mchana na ya usiku, yasichanganyike.

Dabodeka kabla hamjalipa pimeni dari, na angalieni feni iko wapi. Nyumba nyingi za huku feni ni ya dari, na mtoto wa kitanda cha juu akisimama usiku akiwa na usingizi mkono wake unafika. Kama feni iko katikati ya chumba na chumba ni kidogo, dabodeka achaneni nayo, ama mtoe feni ya dari mtumie ya kusimama. Mimi ningewaambia mnunue magodoro ya nchi 4 badala yake. Mchana mnayapanga moja juu ya jengine ubavuni mwa ukuta, mnayavika kifuniko cha kitambaa kizito na matakia nyuma, mshapata kochi. Usiku yanashuka. Mashuka na mito vinakaa kwenye kasha lenye kifuniko ambalo mchana linakaliwa. Kile kinachowafanya watu waone sebule imejaa sio watu kulala humo, ni mashuka na vyandarua kuonekana saa nne asubuhi.

Vitu vya watoto vipande ukutani. Kila mtoto kulabu yake ya begi, kwa urefu wake yeye mwenyewe sio wako, la sivyo begi litakuwa sakafuni kila siku. Vya kuchezea vya yule mdogo tia kwenye kikapu kimoja cha ukili, kikijaa basi, kipya kikiingia kimoja kinatoka. Meza ya kusomea tafuta fundi akutengenezee ubao wa bawaba kwa ukuta, unashuka saa ya homuweki, unapanda ikiisha. Nyumba ni yako au umepanga? Hukusema. Kama umepanga muombe mwenye nyumba hizo skrubu tano sita, mweleze kuna mgonjwa anakuja, wengi wanaelewa.

Na mlango wa chumba angalia unafungukia wapi. Ukifungukia ndani unakula karibu futi 3 za sakafu ambazo huwezi kuweka chochote, na kwa mtu mzima mwenye fimbo ni kikwazo. Fundi akigeuza bawaba ufungukie sebuleni ukalala na ukuta, mkwe amepata nafasi ya kuweka kiti karibu na kitanda.

Mke wangu ataka tupake ukuta mmoja wa sebule rangi ya zambarau iliyokoza kama alivyoona kwa simu. Sebule ni kumi kwa kumi, karibu na ufuo upande wa Shela Malindi, na kuta zinatoa chumvi. Mimi naogopa itakuwa kiza. – Bwana wa Shela

Kwa kumi kwa kumi niko upande wako. Rangi iliyokoza inauvuta ukuta uje karibu. Kwenye chumba kirefu chembamba hiyo inasaidia, ukipaka ule ukuta mfupi wa mwisho chumba kinapata uwiano, lakini chako ni mraba na kidogo tayari. Zambarau yake aipate kwa matakia na kwa mkeka, kuna mikeka ya ukindu ina zambarau nzuri sana, chukua mmoja mkubwa unaokaribia kujaza sakafu, sio vitatu vidogo vidogo manake vidogo vinaikata sakafu vipande.

Lakini rangi sio shida yenu ya kwanza. Ukuta unaotoa chumvi ukiupaka rangi ya mafuta unyevu unafungiwa ndani, miezi michache rangi inavimba mapovu na kubambuka, na ukuta wenye madoa unafanya chumba kionekane kidogo na kichafu hata mfagie vipi. Mkwangue mpaka kwa lipu, mpige brashi chumvi itoke yote ukuta ukiwa mkavu, muuache ukauke vizuri. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua hakuna, ndio wakati mzuri wa kazi hii, msiianze masika. Halafu mpake chokaa, au rangi ya maji inayoruhusu ukuta kupumua. Nyeupe yenye joto kidogo, ya maziwa, sio nyeupe ya hospitali. Na dari ipakwe rangi ile ile ya ukuta au nyeupe zaidi, msiweke ule mstari wa rangi nyingine pale juu, unaishusha dari.

Mimi ni mzee wa Mkomani, nyumba niliirithi kwa baba. Watoto wamerudi na wake zao, nafasi imekuwa haba. Vijana wanataka tukifunike kiwanda kwa bati tupate chumba kimoja zaidi. Waniambiaje binti yangu? – Mzee, Lamu

Shikamoo mzee wangu. Nakuomba kwa heshima zote usikubali, na nitakueleza kwa nini ili uwe na la kuwajibu vijana.

Nyumba yako haina madirisha mengi ya nje, si ndio? Nyingi za Mkomani ziko hivyo, ukuta wa njiani uko bubu, stara imelindwa. Sasa mwanga wa msana, ile sehemu ya kukaa inayotazama kiwanda, unatoka wapi, na wa chumba cha ndani kule nyuma unatoka wapi? Vyote vinakula kwenye kiwanda. Na hewa pia, joto la vyumba linapanda na kutokea hapo, baridi ya vichochoro inavutwa ndani kwa mlango. Ukikifunika umepata chumba kimoja kipya chenye joto la bati na umeua vyumba vitatu vinavyokizunguka, mchana kutwa taa zitawaka, kuta zitashika unyevu, na boriti hazipendi unyevu usiotoka. Hata yale mabati ya plastiki ya kupitisha mwanga hayatatui, mwanga utaingia lakini joto halitoki. Vijana wanahesabu futi za sakafu walizopata, hawajahesabu walizopoteza.

Nafasi mnayo ila iko sehemu mbili ambazo nyumba nyingi haziangalii. Ya kwanza ni kiwanda chenyewe kama kilivyo. Naomba nijue kina nini sasa hivi. Mara nyingi nikiingia nyumba za namna hii nakuta tangi la maji, mabati ya zamani, baiskeli, friji iliyokufa, mbao za kitanda cha marehemu nani. Vitoeni vyote. Fagieni, pakeni chokaa, wekeni baraza ya kukalia upande wa kivuli na vitanda viwili vya kamba kwenye msana. Jioni watu sita saba watakaa hapo, na wale wake za vijana watapata pa kukaa pasipo kuwa vyumbani mwao, manake nahisi hilo ndilo linalowabana zaidi kuliko kulala. Wanawake wawili watatu wageni kwa nyumba, kila mmoja amejifungia chumbani, nyumba itaonekana ndogo hata ikiwa na vyumba kumi.

Ya pili ni juu. Kama una sakafu ya juu iliyo wazi, pale panapoanikwa nguo, kuna uwezekano wa kibanda chepesi cha makuti chenye upepo wa kusi na kaskazi, mmoja wa vijana akalala huko na mkewe kwa stara. Ila makuti yanashika moto na nyumba zimebanana, kwa hivyo jiko lisipande huko kabisa, na umeme upitishwe na fundi anayejua. Na kuta za chini lazima zikaguliwe kama zinabeba, usikubali mtu apandishe mawe ya bloku kule juu ya boriti za miaka hiyo yote.

Kwa vyovyote vile, mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kuna watu wa uhifadhi chini ya makumbusho ya taifa pale pale mjini ambao kazi yao ni haya. Kabla ya bati moja kununuliwa, mtume kijana mmoja aende azungumze nao, achukue vipimo vya kiwanda na vya sakafu ya juu na picha za kuta, na awaombe waje waione nyumba wakati wewe upo. Yule kijana anayelitaka bati zaidi ndiye umtume.